Springi za Nyuma Zinabeba Roho Zetu



Asubuhi na mapema, kabla umande haujakauka, wengi wetu hupandishwa nyuma ya magari na kupelekwa kazini. Wachuma chai hupandishwa, wakata miwa hupandishwa, na wale wa mashamba ya maua ya karibu na ziwa hupandishwa pia. Tunashikilia vyuma vya pembeni, majembe na mapanga yako miguuni, na mazungumzo yetu ni ya mishahara na karo za watoto. Ni wachache kati yetu wanaoinama kabla ya kupanda ili watazame kitu kilicho chini ya sakafu ile, yaani springi za nyuma.

Safari hii tumeona tuzungumze juu ya springi hizo. Sababu ni kwamba magari mengi yanayotubeba hayana tena springi zile yalizotoka nazo kiwandani. Zimeongezwa, zimepindwa upya, nyingine zimeunganishwa kutoka magari mawili au matatu. Kazi hiyo hufanywa na mafundi wetu hapa Kampala, mara nyingi nyumbani kwao, uani, chini ya mwembe au kibanda cha mabati. Hatusemi kwamba kazi ya nyumbani ni mbaya. Tumeiona ikifanywa vizuri, na tutaeleza jinsi inavyofanywa. Lakini tumeona pia jinsi tajiri anavyoitumia kazi hiyo hiyo kutubebesha hatari, na hilo tutalieleza bila kuficha.

KATWE NA KAZI YAKE

Kila mtu wa Kampala anaijua Katwe. Iko kusini ya katikati ya mji, upande wa njia ya Entebbe, si mbali na Mengo. Ukifika huko unasikia nyundo kabla hujawaona watu. Hapo hutengenezwa majiko, milango ya chuma, mashine za kukoboa mahindi, mikokoteni, na vipuri vya kila namna ya gari.

Ufundi huo ulipata mtihani mkubwa baada ya mwaka 1972. Katika mwaka huo serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, na maduka na viwanda vingi vikageuka mikono kwa haraka. Vipuri vikaadimika. Miaka ya magendo ikaingia. Gari likivunjika springi hapakuwa na duka la kwenda kununua nyingine, basi mafundi wakaanza kutafuta vyuma vya magari yaliyokufa na kuvifanyia kazi upya. Vijana waliofundishwa wakati ule wamekuwa wazee, nao wamewafundisha wengine. Hata leo, wakati vipuri vimejaa pale Kisekka, soko lililopewa jina la Daktari Samson Kisekka aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1986 mpaka 1991, bado wenye magari humwendea fundi wa uani. Humwendea kwa kuwa bei yake ni nafuu, na kwa kuwa yeye anazijua barabara zetu za murram kuliko mtu aliyelichora gari huko ng'ambo.

Magari yenyewe yanakubali kazi hiyo. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948 ilikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma, yaani vyuma bapa vilivyolaliana, virefu juu na vifupi chini. Wenye kiwanda walianza kuweka springi za mviringo katika Land Rover ya One Ten mwaka 1983. Lakini pikapu za Land Cruiser na Hilux zinazotumika mashambani zina mabamba nyuma hata leo. Springi ya mabamba inafunguliwa kwa spana, bamba moja linatolewa, jingine linaingizwa. Ndiyo maana kila fundi anaiweza. Na ndiyo maana pia kila tajiri anadhani ni kitu rahisi.

TULIYOYAONA UANI

Tawi letu moja lina Land Rover ya zamani, ile ndefu, ya kuwapelekea makatibu kwenye mashamba ya chai. Upande wa kushoto nyuma ulikuwa umelala kama ng'ombe mgonjwa. Tuliipeleka kwa fundi wa Katwe anayefanya kazi nyumbani kwake, tukakaa naye siku mbili mpaka kazi ikaisha. Haya ndiyo tuliyoyaona, na mwanachama yeyote anaweza kuyatumia kumkagua fundi wake.

Kwanza alipima. Aliliweka gari mahali pa sawa, likiwa tupu, akapima kwa rula tokea juu ya ekseli mpaka kwenye mpira ule wa fremu unaozuia chuma kisigonge chuma. Alipima pande zote mbili. Kisha akatupandisha watu wanane, akapima tena. Alituambia kwamba fundi asiyepima huongeza bamba kwa kubahatisha, na gari hutoka kwake likiwa na ugonjwa mwingine.

Pili alifungua. Gari lilipandishwa kwa jeki, kisha likalazwa juu ya vigogo vinene vya mti mgumu vilivyowekwa chini ya fremu, na magurudumu ya mbele yakazibwa kwa mbao. Kabla hajalegeza bolti ya katikati inayoshika mabamba pamoja, aliibana springi nzima kwenye jiliwa. Mabamba yale yamefungwa yakiwa yanasukumana. Ukifungua bolti bila kuyabana, huruka, na hakuna anayejua yatampiga nani.

Tatu alikagua. Kila bamba lilisuguliwa kwa brashi ya waya. Kisha likapakwa mafuta ya taa, likafutwa mpaka likakauka, likapakwa vumbi la chaki. Tukangoja. Penye ufa mafuta hutoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Kwa njia hiyo rahisi tuliona mabamba mawili yaliyovunjika kabisa na la tatu lenye ufa karibu na tundu la katikati. Lile la tatu lilionekana zima kwa macho matupu. Lingeweza kutubeba mwezi mmoja au siku moja.

Nne alichagua chuma. Hapa ndipo fundi mwema na fundi mbaya huachana. Springi hutengenezwa kwa chuma cha namna yake, chenye kaboni kama nusu ya asilimia au kuzidi kidogo, kilichochanganywa na vitu kama manganizi na silikoni, kikachomwa na kupozwa kwa kipimo. Nondo ya nyumba haifai. Bamba la mlango halifai. Fundi wetu alitumia mabamba ya Land Rover nyingine, yenye upana ule ule wa milimita 63, kwa sababu bamba lililo jembamba au pana kuliko wenzake hucheza ndani ya kifungo. Alichagua yaliyokuwa na tundu la katikati tayari. Akaeleza kwamba wapo wanaotoboa tundu kwa moto wa gesi, na bamba lililotobolewa kwa moto huvunjika hapo hapo.

Tano alipinda. Bamba lililonyooka kwa uzee linaweza kurudishiwa upinde wake kwa nyundo, likiwa baridi, juu ya fuawe lenye bonde, pigo dogo baada ya pigo dogo. Kazi hiyo ni ya jasho na ya saa nyingi. Njia ya mkato ni kulitia bamba motoni mpaka liwe jekundu, likapindwa kwa dakika mbili. Lakini chuma kikishakuwa chekundu, kile kipimo cha kiwandani kimekwenda. Kikipoa polepole kinakuwa laini, na gari linalala tena baada ya wiki chache. Kikitumbukizwa majini kinakuwa kigumu kama kioo, na kioo hupasuka. Kiwandani chuma hicho huchomwa mpaka nyuzi kama 850, hupozwa ndani ya mafuta, kisha hupashwa moto tena kwa kiasi kidogo ili kipate kupinda na kurudi. Uani hakuna kipimo cha joto. Mwenye kubahatisha rangi ya moto anabahatisha maisha ya watu.

Sita alifunga. Bamba la pili alilichagua lile ambalo ncha zake zimekunjwa kulizunguka tundu la bamba kuu, ili bamba kuu likikatika njiani, la pili lishike ekseli mahali pake na dereva apate nafasi ya kusimama. Alitutuma tukanunue yubolti mpya, akakataa kabisa za zamani, kwa sababu bolti iliyokwisha kukazwa sana imekwisha kuvutika. Alizikaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, kwa mkato wa msalaba. Bushi za mpira hakuzikaza mpaka gari liliposhushwa chini kwa uzito wake, maana zikikazwa gari likining'inia, mpira hupotoka na kuchanika. Mwisho alituagiza tumrudishie gari kesho yake ili akaze yubolti tena. Tulirudi. Zilikuwa zimelegea kidogo, kama alivyosema.

Jambo moja hakulifanya, nalo ni kuchomelea. Hakuna hata tone la welding lililogusa springi ile. Kuchomelea bamba la springi ni kuliua. Pembeni ya mahali palipochomelewa chuma huharibika, na ufa huanzia hapo. Mwanachama ukiona mshono wa welding juu ya springi ya gari linalokubeba, usingoje kuambiwa zaidi.

HESABU YA UNENE

Wenye magari wengi humwambia fundi: ongeza bamba moja nene, tumalize. Tuitazame hesabu ya neno hilo, kwa kuwa si ngumu.

Ugumu wa bamba unafuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bamba la milimita 6 tunalihesabu hivi: 6 mara 6 mara 6, inakuwa 216. Bamba la milimita 8: 8 mara 8 mara 8, inakuwa 512. Kwa hiyo bamba moja la milimita 8 ni gumu kuliko mabamba mawili ya milimita 6 yakiwekwa pamoja. Urefu nao ni hivyo hivyo kwa upande wa pili: bamba likifupishwa, ugumu unapanda kwa haraka. Ukilipunguza kutoka sentimita 60 mpaka 50 kila upande, linakuwa gumu karibu mara moja na robo tatu.

Sasa tajiri akisikia hayo atafurahi, ataona amepata nguvu nyingi kwa chuma kidogo. Lakini bamba nene na fupi likiwekwa chini ya mabamba membamba, mengine yote yanapinda mahali pamoja tu, pale ncha ya lile nene inapoishia. Ni kama kuvunja kijiti juu ya goti. Barabara ya mashimo inafanya kazi hiyo mara elfu kwa siku, na siku moja bamba kuu linakatika. Fundi wetu aliongeza bamba moja jembamba na refu, la pili kutoka juu, akazilainisha ncha zake kwa tupa zisichimbe bamba la juu yake. Nguvu iliongezeka kidogo, na mzigo ukagawanywa kwa mabamba yote. Hata springi inajua kwamba mzigo ukigawanywa haumvunji mtu.

SPRINGI IKIPATA NGUVU, GARI HALIJAPATA

Hapa ndipo neno letu kubwa lilipo, na tunaomba kila mwakilishi wa wafanyakazi alisome mara mbili.

Springi mpya inalisimamisha gari. Gari lililokuwa limelala sasa limeinua nyuma, linaonekana kijana. Nyapara akilitazama anasema: sasa linabeba watu ishirini bila taabu. Lakini ekseli ni ile ile. Breki ni zile zile. Matairi, fremu na fani za magurudumu havikuongezwa kitu. Springi imeondoa ile dalili ya kulala iliyokuwa ikimwonya dereva kwamba mzigo umezidi, na mzigo wenyewe umebaki.

Tuhesabu. Pikapu iliyoandikwa kubeba tani moja, yaani kilo 1,000, ikipakiwa watu 20 wenye uzito wa kilo 65 kila mmoja, imebeba kilo 1,300. Hatujahesabu majembe, mapanga, mitungi ya dawa wala chakula. Hiyo ni kilo 300 juu ya kipimo kabla safari haijaanza.

Tena kuna jambo ambalo hata madereva wengine hawalijui. Pikapu nyingi za Kijapani zina kifimbo kidogo kutoka kwenye ekseli ya nyuma mpaka kwenye vali ya breki iliyo juu. Gari likipakiwa, nyuma inashuka, kifimbo kinasukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukiweka springi ngumu, nyuma haishuki kama zamani. Vali inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu. Watu 20 wako juu, mteremko uko mbele, na breki haina habari. Mafundi wanaojua hurekebisha kifimbo hicho. Wasiojua hukiacha, na wengine hukikata kabisa.

Gari lililoinuliwa pia linakuwa jepesi kupinduka kwenye kona, maana watu waliosimama nyuma wamepandishwa juu zaidi. Paipu ya mpira ya breki inavutwa ekseli inapoanguka shimoni, na ikiwa fupi inakatika. Shokomzoba za zamani zinafika mwisho wa urefu wake na kung'oka. Shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma inakaa kwa pembe nyingine na kuanza kutetemeka. Hayo yote yanataka kutazamwa siku ile ile ya kuweka springi. Yasipotazamwa, kazi haijaisha, hata kama fundi amelipwa.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Tajiri anayekaa mbele karibu na dereva, au anayepita na gari lake dogo, anaona mzigo wa nyuma ni usufi. Sisi tulio nyuma ndio tunaojua kilo zake.

FUNDI NAYE NI MFANYAKAZI

Wenzetu wengine springi ikivunjika huwa na haraka ya kumtukana fundi. Tunawaomba wamtazame vizuri. Fundi wa uani hana mshahara wa mwezi, hana likizo, na akiumia hana wa kumlipa. Mteja huja asubuhi akitaka gari jioni, tena kwa bei ya nusu. Akisema yubolti za zamani hazifai, anaambiwa ni mwizi anayetaka kuuza vipuri. Akisema bamba hili lisichomelewe, mteja anahama kwa jirani atakayechomelea. Kwa namna hiyo fundi mwaminifu ananyimwa kazi na fundi mwenye njaa anapewa.

Naye hatari zake ni nyingi. Tumewaona wafunzi wakilala chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, au juu ya matofali. Tofali hupasuka bila kutoa habari. Tumeona vijana wakitumia grainda bila miwani, na wengine wakishika chuma kwa mwenzao anayechomelea huku macho yao yakiwa wazi, halafu usiku hawalali kwa maumivu. Miwani ya fundi ni bei ndogo kuliko jicho. Vigogo viwili vya mti mgumu vinatengenezwa kwa saa moja. Mafundi wa mtaa mmoja wakiungana wanaweza kununua jiliwa kubwa la pamoja, na wanaweza kukubaliana kwa kauli moja kwamba springi haichomelewi mtaani kwao. Mteja akikuta kila mlango unajibu neno moja, atalipa bei ya haki. Hilo ndilo somo la chama, nalo halihitaji kiwanda.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 40, inazungumza juu ya haki ya mtu kufanya kazi katika hali iliyo salama na yenye afya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na halmashauri ya usalama. Halmashauri hiyo isiwe ya jina tu. Kazi yake moja iwe kuinama chini ya gari.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 nayo inatuhusu moja kwa moja. Inasema kwamba mfanyakazi akiumia akiwa safarini moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini, ajali hiyo inahesabiwa kuwa ya kazini. Ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Kwa hiyo tajiri akisema ajali ilitokea barabarani na si shambani, msikubali. Toeni habari kwa mwajiri na kwa ofisa wa kazi bila kukawia, andikeni majina ya mashahidi, na mlete habari chamani.

Huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2001 mkataba nambari 184, unaohusu usalama na afya katika kilimo. Unasema kwamba mashine na vyombo vya kilimo visitumiwe kubeba watu isipokuwa vimetengenezwa au vimerekebishwa kwa ajili ya kubeba watu. Na mkataba nambari 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejitoa mahali alipoona kwa sababu nzuri kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake, alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Maneno hayo ni msingi mzuri wa kuandikwa katika mapatano yetu na waajiri. Neno lisiloandikwa katika mapatano hupeperuka.

TUNAYOTAKA KILA TAWI LIFANYE

Ndugu, kulalamika baada ya mazishi hakutoshi. Tunapendekeza mambo haya, nayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Kila tawi liwe na mtu wa gari. Achaguliwe na wafanyakazi wenyewe, mwanamume au mwanamke, na kila Jumatatu atazame springi za gari linalobeba watu kabla watu hawajapanda. Atazame bamba lililovunjika, mstari mwekundu wa kutu unaotoka kwenye ufa, mshono wa welding, yubolti iliyolegea, na upande mmoja uliolala.

2. Gari likibadilishwa springi, mwajiri aonyeshe karatasi yenye jina la fundi, tarehe na kazi iliyofanyika. Breki, paipu zake na kile kifimbo cha vali vikaguliwe siku hiyo hiyo.

3. Palipo na mizani mikubwa ya magari, kama katika viwanda vya sukari, gari lipimwe likiwa na watu wote na vyombo vyote. Uzito huo ulinganishwe na ule ulioandikwa katika karatasi za gari. Hesabu ibandikwe ubaoni.

4. Wanaobebwa wakae kwenye mabenchi yaliyofungwa, pembeni pawe na vyuma imara, na mapanga, majembe na dawa zibebwe mbali na watu.

5. Dereva anayekataa kuondoa gari bovu alindwe na tawi lake siku hiyo hiyo. Dereva mmoja peke yake ni rahisi kufukuzwa. Dereva mwenye wafanyakazi mia nyuma yake huulizwa kwanza sababu.

6. Mafundi wa uani wakaribishwe katika mikutano yetu. Wao wanajua tusiyoyajua, na chama kinajua wasiyoyajua.

Kuna waajiri watakaosema kwamba chama kimeacha habari za mishahara na kuingia chini ya magari. Tunawajibu kwamba mshahara hupokewa na mtu aliye hai, mwenye mikono miwili na miguu miwili. Waajiri wengine, tunakubali, wameshaweka mabasi, nao wameona kwamba wafanyakazi wanaofika salama huanza kazi mapema na kuumwa mgongo kidogo. Hao tunawapongeza na kuwataja kwa wenzao kama mfano.

Tukumbuke pia kwamba ufundi wa Katwe ni mali yetu. Wakati vipuri havikuwepo, mikono ile ndiyo iliyoendesha magari ya nchi hii. Fundi akipewa muda, chuma kinachofaa na bei ya haki, springi ya uani inaweza kutubeba miaka mingi. Akiharakishwa na kupunjwa, anatufungia kifo kwa spana bila kukusudia. Na anayemharakisha na kumpunja mara nyingi ndiye huyo huyo anayetuharakisha na kutupunja sisi.

Basi Jumatatu ijayo, kabla ya kupanda, inameni. Mkiona bamba limevunjika, ambianeni, mwiteni mwakilishi wenu, na asipande hata mmoja mpaka jambo limetazamwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ufa ambao mafuta ya taa na chaki kidogo vinatosha kuuonyesha.

Umoja ni nguvu.